Jiwe la nyongo likiziba njia: jinsi ya kulilinda ini la mgonjwa wako

Khalati yangu alinipigia simu usiku wa pili baada ya harusi ya mjukuu wake, akaniambia nyongo imempanda. Sikushtuka. Sisi watu wa Mombasa nyongo hutupanda kwa kila jambo: kinywa kikiamka kichungu ni nyongo, ukitapika ni nyongo, ukikosa hamu ya kahawa ni nyongo. Biriani la harusi hilo na samli yake, nikajisemea. Nikamwambia anywe maji alale.

Siku ya nne binti yake akaja kazini kwangu na kichupa cha damu. Mimi ni mtu wa maabara, miaka 19 sasa, katika chumba kidogo karibu na Makupa chenye feni inayolalamika kuliko wagonjwa. Niliizungusha ile damu kwenye mashine, nikaitoa, nikainyanyua dirishani. Chini, chembe nyekundu zimetulia kama desturi. Juu yake, mahali pa maji yenye rangi hafifu ya majani makavu, palikuwa na kitu kama juisi ya pasheni. Kabla mashine haijatoa namba yoyote nilijua hili si biriani.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kutoa namba, na za watu wengi nilizisoma kabla ya kusoma za mtu wangu. Haya ni yale ambayo ningetaka kuwa nayo kichwani usiku ule wa simu.

Tazama macho mchana, kisha tazama choo

Mtoe mgonjwa barazani, kwenye mwanga wa jua. Taa za ndani hudanganya. Vuta ukope wa chini utazame weupe wa jicho, halafu mwambie anyanyue ulimi utazame chini yake. Viganja visikupoteze. Khalati alikuwa ameshinda siku 3 akitwanga viungo vya harusi, na nyumba nzima ilikubaliana kuwa rangi ile ni ya bizari. Bizari hupaka ngozi, haipaki weupe wa jicho. Na ukiona jicho limegeuka, ujue jambo si la leo: bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, kwa kawaida haizidi kama 20 kwenye damu kwa kipimo cha maikromoli kwa lita, na jicho huanza kuonyesha ikifika 40 au 50.

Kisha mkojo. Mwambie akojoe kwenye chupa angavu, uifunge, uitikise. Mtu aliyekosa maji mwilini mkojo wake huwa mweusi pia, lakini povu lake ni jeupe. Povu likiwa la manjano, bilirubini imepita kwenye figo. Ni kipimo cha zamani, hakigharimu kitu, na mpaka leo mimi hukitazama kabla ya kuchovya kile kijiti cha rangi.

Choo ndicho watu huona haya kukiulizia, na ndicho kinachosema zaidi. Rangi ya kahawia ya choo hutokana na nyongo. Nyongo isipofika utumboni, choo hutoka cheupe-cheupe kama udongo wa mfinyanzi, kina mafuta, na maji hayakichukui vizuri. Binti yake aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayeungama, kwamba mama amekuwa akimwaga ndoo tatu tatu chooni. Macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe na mwili kuwasha usiku, hasa viganja na nyayo: hapo nyongo imezuiwa njiani. Malaria kali na selimundu nazo hugeuza macho, lakini mara nyingi choo hubaki na rangi yake. Selimundu, kwa kuwa Pwani tunayo sana, ina jingine: chembe zinazovunjika kila siku humwachia hata mtoto vijiwe vyeusi vya nyongo. Usiseme vijiwe ni maradhi ya kina mama wanene tu.

Maumivu ya jiwe hukaa chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo, yakapenya mpaka mgongoni au bega la kulia. Hupenda kuja baada ya mlo wa mafuta, na hupenda usiku. Mwezi wa Ramadhani nawaona wengi: mchana kutwa kibofu cha nyongo kimelala kimejaa, magharibi kinaangushiwa bajia, viazi karai na sambusa kwa pamoja. Maneno ya kukata maini tumeyazoea kwenye taarabu. Haya ni maumivu yenyewe. Lakini macho yakigeuka bila maumivu yoyote na mtu anakonda, usistarehe kwa kuwa haumii. Hapo huenda si jiwe bali ni uvimbe kwenye kongosho unaobana mrija, na hilo nalo halingoji.

Sabuni iliyorudi ndani

Chukua sufuria ya biriani siku ya pili. Maji matupu hayaitoi ile samli, huitoa sabuni. Ini hutengeneza sabuni ya namna hiyo kila siku, zaidi ya nusu lita, ikateremka kwa mrija mwembamba hadi utumbo mdogo kuyeyusha mafuta ya chakula. Kibofu cha nyongo ni kidumu cha akiba tu, na vijiwe vinaweza kukaa humo miaka bila kusema neno. Kimoja kikiteremka kikakwama kwenye mrija mkuu, sabuni haina pa kwenda. Hurudi ilikotoka.

Ngozi ya kila seli ya ini imeundwa kwa mafuta, kwa hiyo sabuni ikizidi humo huanza kuila seli yenyewe. Na asidi za nyongo zikijaa ndani huvuruga mitokondria, yale majiko ya seli. Jiko lililovurugika hutoa moshi: hapa moshi wake ni oksijeni kali isiyotulia, inayoshika mafuta, protini na hata vinasaba vya seli na kuviunguza. Wataalamu huita hali hii mkazo wa oksidishaji. Sisi tunaoishi na upepo wa bahari tunayo kutu ya kufananishia. Bati la Likoni halifikishi umri wa bati la Nairobi.

Seli ina rangi yake ya kuzuia kutu, kitu kinachoitwa glutathioni, na huitengeneza yenyewe. Njia ikiziba, glutathioni hutumika kwa kasi kuliko inavyotengenezwa. Mlinzi mwingine ni vitamini E, lakini hiyo haifyonzwi utumboni bila nyongo, na nyongo haifiki. Ini linavuliwa walinzi wake saa ile ile linaposhambuliwa. Shika neno hilo glutathioni, kwa sababu ndilo lililonifanya nianze kukagua chini ya mto wa khalati.

Usilibebeshe ini mzigo mwingine

Chini ya mto nilikuta maganda ya parasetamoli. Nikahesabu: vidonge 34 kwa siku 4, na hapo sijaweka vya mafua alivyokunywa kwa sababu alihisi baridi. Mtu mzima mwenye afya haruhusiwi zaidi ya vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Mtu ambaye hali chakula na ini lake limeguswa, madaktari wengi humshusha hadi 4. Sehemu ndogo ya kila kidonge hugeuka sumu ndani ya ini, na kinachoizima sumu hiyo ni glutathioni, ile ile iliyokwisha. Dawa nyingi za mafua na za kichwa zina parasetamoli ndani na hazikupigii kelele, kwa hiyo soma karatasi. Sisemi parasetamoli ni haramu. Kwa mtu wa manjano mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zile za kupunguza uvimbe kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo zinaweza kuzimaliza figo zilizokwisha kudhoofishwa na nyongo. Sema tu idadi kwa daktari, bila kuona haya: vingapi, tangu lini.

Kuna kliniki moja, sitaitaja, ilikuwa imempiga sindano ya maumivu kwenye tako bila hata kumtazama macho. Nilipofika, binti yake alifunua kanga akanionyesha: jeusi, limeenea upana wa sahani, siku mbili baada ya sindano. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Vitamini K nayo huhitaji nyongo ili ifyonzwe, na bila hiyo ini haliwezi kutengeneza vigandishaji vya damu. Nilirudi na damu yake nikapima INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ikatoka 1.9, na kawaida ni kama 1. Kwa hiyo: mgonjwa wa manjano asipigwe sindano ya msuli kabla damu haijapimwa kuganda. Hili limwambie yeyote mwenye bomba mkononi, hata akikunja uso.

Mitishamba. Hapa khalati alinijia juu.

"Mwanangu, nyanya yako alikunywa mwarobaini akafika miaka tisini."

"Khalati, nyanya hakuwa na jiwe njiani."

Sikubishana naye kuhusu mwarobaini wenyewe. Nilimwambia kila kitu kichungu anachokimeza lazima kipite kwenye ini, na leo ini halina pa kukitolea. Mwarobaini, shubiri, sanamaki, vyote viwekwe kabatini mpaka njia ifunguke.

Na kuna ile ya zeituni, ndimu na haluli, chumvi ya kuharisha, eti unakunywa usiku na asubuhi unatoa mawe. Bwana mmoja aliwahi kuniletea mawe yake kwenye kopo la siagi, ya kijani, laini, zaidi ya 20, uso wake umejaa ushindi. Niliweka mawili kwenye kigae dirishani saa sita mchana. Yakayeyuka yakawa mafuta. Ni sabuni: mafuta ya zeituni yamekutana na juisi za tumbo na chumvi yakaganda utumboni. Jiwe la nyongo halisi hustahimili jua hilo bila kubadilika. Hatari ya dawa ile ni kwamba wingi wa mafuta hukiamuru kibofu kijikamue kwa nguvu, na kibofu chenye vijiwe kikijikamua kinaweza kusukuma kingine kikafuata cha kwanza.

Utauliza basi vipi zile kapsuli za kusafisha ini zinazouzwa mpaka kwenye matatu. Kama kilichomo ni vitamini E, nimekwisha kusema ya mdomoni haifyonzwi bila nyongo. Weka pesa hizo, utazihitaji kwa picha.

Chakula kiwepo, asishindishwe njaa. Viazi vya kuchemsha, ndizi, uji, wali usio wa nazi, changu wa kuchemsha kwa ndimu na tangawizi, papai. Maji kwa wingi, kwa sababu ya figo. Dafu moja si neno, lakini vipimo vikionyesha figo zimeguswa, acha, dafu lina potasiamu nyingi. Funga ya Ramadhani isubiri. Kwa kuwashwa: kucha zikatwe, aoge maji baridi, alale na kanga mbichi juu ya miguu, daktari ana dawa yake.

Homa ya kutetemeka haingoji alfajiri

Maumivu ya kulia, macho ya manjano na homa yenye kutetemeka, vitatu hivi vikikutana, nyongo iliyotuama imeingia vijidudu. Daktari Mfaransa Charcot aliviandika pamoja tangu 1877 na mpaka leo madaktari huviita kwa jina lake. Watu wetu hukimbilia kusema malaria, wakanunua dawa ya malaria, wakalala. Usilale. Akianza kusema ovyo au presha ikishuka, vijidudu viko kwenye damu, na kila saa ina thamani. Ukiishi ng'ambo ya kivuko, toka mapema. Foleni ya Likoni haimjui mgonjwa.

Karatasi zako

Wakati wa kutolewa damu, omba vyote kwa mkupuo: picha kamili ya damu, vipimo vya ini, INR, figo, malaria, na homa ya ini aina ya B na C. Kichupa kikichukuliwa mbali, kifungwe kwenye karatasi ya foili au kiwekwe ndani ya mfuko mweusi. Mwanga huivunja bilirubini, na kichupa kilichosafiri juu ya dashibodi ya tuktuk hadi mchana hunipa namba ya uongo.

Za khalati zilikuwa hivi: bilirubini 148, na kati ya hiyo 121 ni ile ambayo ini lilikwisha kuisindika ikakosa njia ya kutoka. ALP 512, ALT 190, hivi ni vimeng'enya vya ini vinavyoonekana kwenye damu. Karatasi yako ikiwa na kipimo cha miligramu, zidisha kwa 17 upate hiki chetu. ALP na mwenzake GGT zikiwa juu kuliko vingine, mifereji ndiyo inayolia. ALT ikiwa maelfu, mara nyingi ni seli za ini zenyewe, kama kwenye homa ya ini, ingawa jiwe lililokwama ghafla linaweza kuipandisha siku za mwanzo.

INR ndiyo ninayoitazama kuliko zote. Khalati alichomwa vitamini K kwenye mshipa, na kesho yake INR ikashuka hadi 1.2. Nilitabasamu peke yangu mbele ya mashine. Maana yake ini lilikuwa bado linajua kazi yake, lilikosa malighafi tu. INR isiposhuka baada ya vitamini K, kutu imefika kwenye mtambo wenyewe.

Ultrasaundi huviona vyema vijiwe vilivyo kibofuni, lakini ncha ya chini ya mrija hufichwa na hewa ya utumbo. Khalati aliandikiwa kwamba jiwe halikuonekana, na shemeji akafurahi. Nikamwonyesha mstari wa juu yake: mrija milimita 11. Kawaida ni kama 6. Kitu hakitanuki bure. Hapo ndipo picha ya MRCP, inayochora mirija yote kwa sumaku bila kuingiza kitu mwilini, hustahili gharama yake.

Njia ifunguliwe

Dawa ya kutu hii ni kuondoa maji yaliyotuama. Kazi yenyewe huitwa ERCP: mpira wenye kamera hupita kinywani, tumboni, hadi kwenye kilango ambapo mrija wa nyongo humwaga utumboni. Kilango hukatwa kidogo, jiwe likavutwa kwa kikapu cha waya au puto. Hakuna kisu tumboni. Si kila hospitali ina mashine na mtu wa kuiendesha, kwa hiyo swali la kwanza kuuliza si kitanda bali "ERCP hufanyika hapa, au tutapelekwa wapi?" Uliza siku ya kwanza, na siku hiyo hiyo hakikisha usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa. Uliza pia madhara. Kubwa ni kongosho kuvimba baada ya kazi, kwa hiyo tumbo likiuma vikali jioni yake usimwambie mgonjwa avumilie.

Kibofu chenyewe hutolewa baadaye, siku hizi kwa matundu madogo. Kikiachwa na vijiwe vyake, kuna kingine kinachongoja zamu.

Baada ya njia kufunguka, choo hurudi rangi kwanza, mkojo unafuata, macho mwisho. Watu huchanganyikiwa hapa. Wiki mbili baadaye khalati alijitazama kwenye kioo akanipigia: "Bado manjano, wamenidanganya!" Hawakumdanganya. Sehemu ya bilirubini huwa imeng'ang'ania protini ya damu iitwayo albumini, na huondoka kwa mwendo wa protini hiyo, ambayo huchukua kama wiki 3 kupungua nusu. Mkojo ukiwa umesafika na namba inashuka kila ukipima, macho yapewe muda. Namba ikisimama au ikipanda tena, rudi.

Na kuna jambo la mwisho ambalo wengi hulisahau. Khalati alitoka na mrija mdogo wa plastiki ndani, wa kuweka njia wazi mpaka siku ya kutolewa kibofu. Nilimkuta akiwaeleza wageni kwamba amewekewa bomba jipya la maisha. Mrija huo huziba wenyewe, na kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi 3. Ukisahaulika, yanarudi yale yale, na homa juu yake. Nilichukua kalenda ya duka la nguo iliyoning'inia mlangoni kwake, nikaizungushia tarehe duara kwa kalamu nyekundu, nikaandika "mrija". Yeye akaongeza chini yake, kwa mwandiko wake wa madrasa, "halafu biriani".